Kutoka Meza ya Maabara Hadi Wodi ya Watoto Njiti: Mwongozo Kamili wa Kukifikisha Kifaa Tiba Kwenye Matumizi

Kifaa kikishafanya kazi mezani, watafiti wengi huona shughuli kubwa imekwisha na kilichobaki ni kusambaza. Stoo za hospitali zinasema vingine. Mwaka 2011 Perry na Malkin walichapisha uchambuzi wa orodha za vifaa vya hospitali katika nchi zenye uwezo mdogo wa kifedha na kukuta kwamba takriban 38% vilikuwa havifanyi kazi. Vingi vya aina hiyo huwa havina kasoro ya kisayansi. Vimekosa chujio, betri, mrija wa bei ndogo, au mtu ambaye kwenye majukumu yake imeandikwa kwamba kifaa hicho ni chake.

Mwongozo huu unakifuata kifaa kimoja tangu wazo hadi wodini: mashine ya CPAP ya mapovu, inayowasaidia watoto njiti kupumua. Tumeichagua kwa sababu safari yake iko wazi. Toleo la mwanzo la mashine iitwayo Pumani lilibuniwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, kwa pampu za tangi la samaki zilizowekwa ndani ya sanduku la plastiki, kisha likajaribiwa katika Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth, Blantyre, Malawi. Anayetengeneza oksimita (kipimo cha oksijeni ya damu kinachobanwa kidoleni au mguuni), kipimo cha damu au mashine ya joto la mtoto atapita njia hiyohiyo.

Kwa kifupi, mashine inafanya hivi. Mapafu ya mtoto njiti hayajawa na utelezi wa kutosha wa kuyaweka wazi, kwa hiyo vifuko vya hewa hujifunga kila anapotoa pumzi. CPAP inasukuma hewa puani mfululizo ili visijifunge. Mrija wa upande wa kutolea pumzi unazamishwa kwenye chupa ya maji: ukizama sentimita 6, presha ni sentimita 6 za maji. Fizikia yake inaishia hapo. Kazi nzito iko kwenye yote yaliyobaki.

Hatua ya 1: Kaa wodini kabla ya kuchora

Tenga wiki mbili, na angalau zamu nne ziwe za usiku. Jitambulishe kwanza kwa mganga mfawidhi wa hospitali, kisha kwa muuguzi mfawidhi wa wodi, maana yeye ndiye mwenye nyumba. Hesabu watoto kwa kila muuguzi wa zamu. Hesabu soketi zenye umeme kwa kila kitanda, na uandike ngapi zinaning'inia kwenye ekstensheni moja. Andika umeme umekatika mara ngapi, na jenereta imechukua dakika ngapi kuwaka. Tazama oksijeni inatoka wapi: mitungi, konsentreta (mashine inayochuja oksijeni kutoka hewani) au bomba la ukutani, na flomita (vipimo vya mtiririko) nzima ni ngapi. Fuata mrija mmoja uliotumika: unaoshwa na nani, kwa dawa gani, unaanikwa wapi, unarudi kitandani baada ya muda gani. Mrija huo utakufundisha kuliko kikao cha nusu siku.

Usiwaulize wauguzi "mnahitaji nini?" Mgeni hujibiwa kwa adabu, na utaambiwa kila kitu kinahitajika. Uliza hivi: "Sista, ni kifaa gani hapa hamkitumii, na kwa nini?" Hapo utasikia kuhusu kengele inayolia bila sababu hadi ikazibwa kwa plasta, na kuhusu mashine ambayo mirija yake iliyokuja na shehena iliisha na haikuagizwa tena.

Kwa fundi vifaa tiba, uliza kama yupo hapo hospitalini au anaitwa kutoka mkoani, na ana multimita au hana. Jibu hilo linaamua kifaa chako kiwe na skrubu za kawaida au cha kufungwa kiwandani.

Hatua ya 2: Geuza uliyoyaona kuwa namba

Maneno kama "iwe rahisi kutumia" hayapimiki. Andika karatasi moja ya mahitaji, kila namba na chanzo chake. Kwa CPAP ya wodi ya mkoa, karatasi hiyo inaweza kusomeka hivi:

- Presha kati ya sentimita 5 na 8 za maji, ikipimwa puani, isipotoke kwa zaidi ya sentimita 1.
- Mtiririko wa jumla hadi lita 10 kwa dakika, oksijeni ichanganywe kutoka 21% na kuendelea.
- Umeme wa 230 V, 50 Hz, na mashine istahimili kushuka hadi 160 V na kupanda hadi 260 V.
- Umeme ukikatika, iendelee saa 4 kwa betri.
- Kelele isizidi desibeli 50 umbali wa mita moja.
- Muuguzi mmoja aliyefundishwa amuunganishe mtoto ndani ya dakika 5, bila msaidizi.

Kisha, kabla ya kugusa bisibisi, fanya hesabu ambayo watafiti wengi huiacha mpaka mwisho: vitu vya kutumika na kuisha. Tuseme seti ya mirija ya pua inauzwa shilingi 40,000 za Tanzania, na wodi inapokea watoto 15 kwa mwezi wanaohitaji CPAP. Hiyo ni 600,000 kwa mwezi, yaani 7,200,000 kwa mwaka. Mashine ikiwa ya shilingi 2,500,000, mirija itaipita bei ndani ya mwezi wa tano. Sasa uliza nani analipa: bajeti ya hospitali, bima, au mradi utakaofungwa baada ya miaka mitatu? Kama hakuna jibu, badilisha muundo sasa. Mirija inayooshwa na kurudiwa kwa usalama, au inayoingiliana na mirija ambayo tayari iko kwenye orodha ya ununuzi, ni uamuzi wa kihandisi wenye uzito sawa na uamuzi wa pampu.

Hatua ya 3: Mezani

Anza na presha, na uipime mahali sahihi. Kosa linalojirudia ni kusoma kina cha mrija kwenye chupa na kuamini kwamba ndiyo presha anayoipata mtoto. Tengeneza manometa ya maji: mrija mwangavu uliopindwa mfano wa herufi U, maji yenye rangi, na rula. Uunganishe pale pua ingekuwa. Zamisha mrija wa chupa sentimita 6, kisha pitisha lita 5, 8 na 10 kwa dakika. Presha ikibaki kati ya 6 na 7, uko salama. Ikipanda kila unapoongeza mtiririko, mrija wa kutolea pumzi ni mwembamba au umejikunja. Tumia wenye kipenyo cha ndani kisichopungua sentimita 1.

Angalia pia maji ya chupa. Hewa yenye joto na unyevu ikipita kwenye mrija uliopoa huacha matone, matone yanaingia chupani, kina kinaongezeka, na presha inapanda bila mtu kugusa chochote. Palipo na ukavu, maji hukauka na presha ikashuka. Toboa tundu la kumwagia kwenye mstari wa maji, na kipimo cha kina kianze kuhesabiwa kutoka usawa wa maji badala ya kitako cha chupa.

Mapovu ndiyo lugha ya mashine hii. Yakikoma, hewa inavuja mahali, mara nyingi puani au mdomoni mwa mtoto. Lakini mapovu yakiwepo si ushahidi kamili: mirija iliyochomoka na kugandamizwa kwenye godoro inaweza kuendelea kutoa mapovu huku mtoto hapati kitu. Kwa hiyo maelekezo ya kifaa yamtake muuguzi atazame kifua na oksimita pamoja na chupa.

Weka valvu ya usalama kwenye njia ya kupeleka hewa, ifunguke kabla presha haijafika sentimita 15. Ijaribu kwa kuziba mrija wa kutolea pumzi kwa kidole gumba huku macho yako kwenye manometa. Rudia mara 50. Valvu iliyofunguka mara 49 bado haijafaulu.

Oksijeni nayo ina hesabu yake. Ukichanganya lita 1 ya oksijeni ya mtungi na lita 5 za hewa ya kawaida, unapata (1 × 100 + 5 × 21) ÷ 6, yaani takriban 34%. Lita hiyo moja ikitoka kwenye konsentreta inayotoa 93%, unapata 33%. Tofauti ni ndogo hapo, lakini huongezeka kadiri sehemu ya oksijeni inavyokua, na konsentreta isiyohudumiwa hushuka mbali chini ya 93%. Chapisha jedwali la mchanganyiko kwenye ubavu wa mashine, kwa herufi zinazosomeka chini ya mwanga hafifu. Hili si pambo: oksijeni nyingi kupita kiasi huharibu retina ya mtoto njiti na inaweza kumpofusha, ndiyo maana kwa anayepewa oksijeni wodi nyingi hulenga 90 hadi 95% kwenye oksimita.

Betri ikokotoe, usikisie. Mashine ya wati 60 kwa saa 4 inahitaji saa-wati 240. Inveta, inayogeuza umeme wa betri kuwa wa soketi, yenye ufanisi wa 85% inazifanya 282. Gawa kwa volti 12: saa-ampea (Ah) 23.5. Betri ya risasi ukiimaliza zaidi ya nusu kila mara haidumu, kwa hiyo zidisha mara mbili: Ah 47. Ongeza uzee wa betri na joto la chumba, chukua ya Ah 65 au 70.

Hatua ya 4: Jaribu kuiharibu

Usijaribu mashine moja. Tengeneza tano zinazofanana, uziache zikifanya kazi usiku na mchana kwa siku 30. Hizo ni saa 720 kwa kila moja, saa 3,600 kwa jumla, na ndipo utaona kipi kinakufa kwanza. Kwenye mashine za namna hii huwa ni diaframu ya pampu, feni, au kiunganishi cha plastiki kilichokazwa mno.

Zipeleke kwenye joto la nyuzi 40 na unyevu mwingi. Mwambao, kuanzia Tanga hadi Mtwara, chumvi ya hewani hutafuna skrubu za chuma cha kawaida; tumia zisizoshika kutu. Kwenye vumbi la Dodoma, chujio la hewa litahitaji kuoshwa mapema kuliko kitabu chako kinavyosema, hivyo liwe la kutoka kwa mkono bila zana. Mende hupenda joto la mashine inayowaka. Funika matundu ya hewa kwa wavu wa matundu chini ya milimita 1.

Umeme unaporudi ndipo huunguza zaidi kuliko unapokatika. Zima na uwashe mara 20 mfululizo, shusha na pandisha volti kwa transfoma ya kurekebishika, na uweke kichelewesho kinachosubiri umeme utulie kabla ya kuupokea. Plagi iwe ya pini tatu inayolingana na soketi za huku, kwa sababu adapta ya bei chee huikata njia ya ardhi kimyakimya. Pima mkondo unaovuja kwenye ganda: IEC 60601-1, kiwango cha kimataifa cha usalama wa vifaa tiba vya umeme, hakiruhusu kuzidi mikroampea 100 katika hali ya kawaida, wala 500 hitilafu moja inapotokea, mfano waya wa ardhi ukikatika. Ukate kweli, upime.

Mwisho ni usafi. Chovya kila kinachogusana na mtoto au pumzi yake kwenye klorini ya 0.5%, suuza, kausha, rudia mara 100. Chunguza ugumu, ukungu na nyufa baada ya kila mara kumi. PVC laini hukakamaa, chuma huliwa, silikoni huvumilia zaidi. Usiandike "safisha kwa spiriti" kama wodi inatumia klorini: dawa iliyopo ndiyo itakayotumika, na kifaa ndicho kinachopaswa kuizoea.

Mirija ya pua inastahili siku zake peke yake. Ichukue mkononi: mirija miwili mifupi, minene kama utambi wa taa, inaingia kwenye pua ya mtoto wa kilo moja na gramu mia mbili. Ikiwa mikubwa, inabana kijiukuta cha kati ya tundu mbili za pua mpaka ngozi inageuka nyeupe, kisha nyekundu, kisha kidonda. Ikiwa midogo, hewa inavuja na muuguzi anaisukuma ndani zaidi, na matokeo ni yaleyale. Lazima kuwe na saizi tatu au zaidi, kila moja na rangi yake, na namna ya kuifunga kwenye kofia ya mtoto ili nafasi ya milimita mbili hivi ibaki kati ya daraja la mirija na ngozi.

Hatua ya 5: Faili, tangu siku ya kwanza

Hapa ndipo vikundi vya chuo hupoteza mwaka mzima: wanajenga kwanza, halafu wanatafuta kumbukumbu za maamuzi ambayo hayakuandikwa. Fungua faili moja la kifaa. Ndani yake kuna mahitaji, michoro kwa namba ya toleo, matokeo ya kila jaribio pamoja na yaliyofeli, orodha ya vipuri na wauzaji wake, na jedwali la hatari kwa kufuata ISO 14971, kiwango cha kimataifa cha kudhibiti hatari za vifaa tiba. Mstari mmoja wa jedwali unafanana na huu: mrija wa kutolea pumzi umeziba, presha inapanda, pafu linaweza kupasuka, kinga ni valvu ya usalama, ushahidi ni jaribio la kidole gumba, mara 50, tarehe na sahihi.

Viwango vingine utakavyokutana navyo ni ISO 13485 kwa mfumo wa ubora wa mtengenezaji, ISO 10993 kwa malighafi zinazogusa mwili, IEC 62366-1 kwa urahisi wa matumizi, na IEC 62304 endapo kuna programu ndani. Kama kifaa kinatunza taarifa za mgonjwa, sheria za ulinzi wa taarifa binafsi zinakuhusu: Kenya ni ya 2019, Tanzania ya 2022.

Hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi: peleka maombi kabla ya kuwasilisha kwenye kongamano au kuchapisha, kwa sababu ukishaweka hadharani, upya wa uvumbuzi unaweza kuwa umepotea kisheria. Ofisi ya kupokea maombi Tanzania Bara ni BRELA, Kenya ni KIPI, na kupitia ARIPO ya Harare, shirika la kikanda la Afrika la miliki ubunifu, unaweza kuomba nchi kadhaa kwa mkupuo. Baada ya ombi la kwanza una miezi 12 ya kuomba kwingine ukitambuliwa kwa tarehe ileile. Andikianeni mapema nani anamiliki nini: chuo, hospitali, mfadhili, mwanafunzi. Mkataba wa kurasa mbili wakati watu bado wanapatana unaokoa mengi.

Hatua ya 6: Vibali, kwa mpangilio wake

Tanzania Bara, itifaki ya utafiti inaanzia kamati ya maadili ya taasisi yako na kwenda kamati ya taifa chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Watafiti wa kigeni wanahitaji kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Kifaa ambacho hakijasajiliwa kikijaribiwa kwa wagonjwa, TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, lazima iidhinishe jaribio. Zanzibar ina mamlaka zake: ZAHRI kwa utafiti, ZFDA kwa bidhaa. Kenya, kamati ya maadili iliyoidhinishwa, leseni ya NACOSTI (tume ya sayansi, teknolojia na ubunifu), na Bodi ya Famasia na Sumu. Uganda, UNCST (baraza la sayansi na teknolojia) na NDA (mamlaka ya dawa). Panga muda huu kwa miezi badala ya wiki, na usiagize vifaa vya wodini kabla ya barua kuwa mkononi.

Maombi mengi hurudishwa kwa sababu ndogondogo: fomu ya ridhaa ya Kiswahili isiyolingana na ya Kiingereza, bima ya washiriki kukosekana, au maelezo ya kifaa kuwa ya toleo la zamani. Fomu ya ridhaa isomwe na mama asiye wa fani, kwa sauti, mbele yako. Kila anapokwama, sentensi hiyo iandikwe upya. Mama huyo katika maisha ya kweli atakuwa amejifungua saa chache zilizopita, huenda kwa upasuaji, na mtoto wake anahangaika kupumua. Lazima fomu imwambie waziwazi kwamba akikataa, mtoto atapata huduma ileile ya kawaida.

Hatua ya 7: Wodini, kwa ngazi

Ngazi ya kwanza haina mtoto. Chukua wauguzi 15 hivi kutoka hospitali ambazo hazikushiriki kubuni, wape mashine, mdoli na karatasi ya maelekezo, kisha ukae kimya. Rekodi kila kosa. Ukijikuta unataka kusema "hapana, zungusha hicho," umepata kasoro ya muundo, na itengenezwe kabla ya kusonga mbele.

Ngazi ya pili ni watoto wachache katika hospitali yenye daktari wa watoto saa 24. Lengo ni usalama: presha, oksijeni, vidonda vya pua, tumbo kujaa hewa, pafu kupasuka. Mrija wa kutolea hewa tumboni uwekwe, pua ikaguliwe kila saa 2 hadi 4, na itifaki iandike mapema ni matukio gani yanasimamisha jaribio. Anayeamua kusimamisha awe kamati huru, si timu iliyobuni.

Ngazi ya tatu inauliza kama kifaa kinaokoa maisha. Utafiti wa Blantyre uliochapishwa 2014 ulionyesha kwamba kati ya watoto wachanga 62 waliotibiwa kwa CPAP ile waliishi 71%, na kati ya 25 waliopewa oksijeni ya puani pekee waliishi 44%. Matokeo ya kutia moyo, ingawa watoto hawakugawanywa kwa bahati nasibu. Sasa liweke hilo kando ya jaribio lililochapishwa 2019, lililofanywa hospitali ya wilaya ya Salima, nchini humohumo Malawi, kwa watoto wa mwezi 1 hadi 59 wenye nimonia kali, ambao wengi walikuwa na utapiamlo, waliguswa na VVU, au oksijeni yao ya damu ilikuwa imeshuka sana. Humo walifariki 17% ya waliowekewa CPAP ya mapovu na 11% ya waliopewa oksijeni ya kawaida.

Soma namba hizo mbili pamoja, polepole. Namna ya tiba ni moja. Kilichobadilika ni umri wa wagonjwa, maradhi yao na aina ya usimamizi, kwa kuwa Salima daktari hakuwepo wodini kila siku. Kwa hiyo lebo ya kifaa chako itaje mgonjwa gani, wodi gani, na usimamizi gani. Mganga wa wilaya akitaka kuitumia kwa watoto wakubwa "kwa kuwa ipo", lebo na mafunzo viwe tayari kumzuia.

Vivyo hivyo na oksimita utakayoifungasha na mashine. Utafiti wa Marekani wa 2020 ulibaini kwamba oksimita zilikosa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa Weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa Weupe. Dai ushahidi wa vipimo kwenye ngozi nyeusi kabla ya kununua kihisio.

Hatua ya 8: Kutoka mashine tano hadi mia tano

Mfano wa maabara umeunganishwa na mtu anayejua kila waya. Kiwandani anayeunganisha hajui, na hapaswi kulazimika kujua. Andika maelekezo kwa picha, weka kipimo cha mwisho kwa kila mashine (presha, mtiririko, valvu, mkondo unaovuja, saa 24 za kuwaka), na namba ya pekee kwenye ganda. Kwa mashine mia au mbili, ganda la bati la kukunjwa karakana ya mjini huwa nafuu kuliko kutengeneza moldi ya plastiki. Moldi hulipa zikiwa maelfu.

Hatari ya kimyakimya ni muuzaji kubadilisha pampu "inayofanana". Hakuna kipuri kinachobadilika bila jaribio la saa 720 kurudiwa na faili kusahihishwa.

Kuzalisha Afrika Mashariki kunawezekana pale mwenye ujuzi anapokubali kuutoa wote. Sumitomo Chemical ya Japani iliikabidhi A to Z ya Arusha teknolojia ya vyandarua vya Olyset mwaka 2003. Mkataba wa namna hiyo utaje malighafi zinatoka kwa nani na kwa bei gani, maana ujuzi bila malighafi hauzalishi kitu.

Hatua ya 9: Usajili na ununuzi

TMDA hupanga vifaa tiba kwa madaraja A, B, C na D kulingana na hatari. Mashine ya kusukuma hewa kwenye mapafu haiwezi kuwa A. Jiandae kwa B au C, na faili la hatua ya 5 ndilo utakalowasilisha. Usajili hauuzi kifaa. Ili hospitali ya umma inunue kwa njia ya kawaida, kifaa kinapaswa kuwa kwenye orodha ya Bohari ya Dawa, au KEMSA kwa Kenya, pamoja na vipuri vyake kama bidhaa zenye namba zake. Mashine iliyo kwenye orodha huku mirija yake haimo ni mashine ya miezi mitatu.

Mwaka wa fedha wa serikali huanza 1 Julai, na bajeti za hospitali huandaliwa miezi mingi kabla. Ukifika Juni na barua ya usajili, umechelewa mwaka. Mpe mganga mfawidhi karatasi ya gharama ya miaka mitano: mashine, mirija, vichujio, betri mpya mwaka wa tatu, mafunzo, fundi. Usifiche gharama zinazofuata ili mashine yenyewe ionekane nafuu. Na ukitoa mashine za bure, toa kwa masharti ya maandishi kwamba hospitali itaingiza vifaa vya kuisha kwenye bajeti yake tangu mwaka wa kwanza.

Hatua ya 10: Baada ya kufunga

Siku mbili za mafunzo kwa wauguzi, moja ya vitendo tupu. Nusu siku ya marudio mwezi wa tatu, kwa kuwa wauguzi huhamishwa wodi na waliofundishwa hawatakuwepo. Fundi vifaa tiba apewe siku yake, na afungue mashine mwenyewe hadi pampu. Mwachie kasha lenye diaframu 2, vichujio 10, fyuzi 10, viunganishi na michoro. Matukio yote ya kudhuru au ya kukaribia kudhuru yaripotiwe TMDA na kwako, na mtu wa kuyapokea awe na simu inayopokelewa usiku.

Rudi mwezi wa sita bila kutangaza siku, kwa ruhusa ya mfawidhi. Usianze na mashine. Fungua droo ya mirija, hesabu saizi zilizobaki. Tazama rejesta: watoto wangapi walistahili CPAP mwezi uliopita, wangapi waliwekewa, wangapi walifariki, na kwa kila asiyewekewa, sababu iliyoandikwa. Ndipo uende kwenye mashine, utazame usawa wa maji kwenye chupa, uguse chujio kwa kidole, na usikilize pampu. Ukikuta saizi ndogo kabisa ya mirija imekwisha na zile kubwa zimejaa, peleka taarifa kwa anayeandika oda siku hiyohiyo, kwa sababu watoto wadogo kuliko wote ndio wanaokosa.